Blogu ya Bure Si Aibu: Neno kwa Wahitimu wa Butembo na Beni



Butembo ni mji wa biashara, na mtoto wa mfanyabiashara anafunzwa mapema kuogopa kitu cha bure. Ukimwambia kitu ni cha bure, anauliza kwanza: kimeozea wapi? Njo maana, nafikiri, wahitimu wetu wengi wakitaja tovuti wanawaza kwanza dola: dola za kununua jina, dola za kukodi nafasi, dola za kijana wa infomatiki atakayeijenga. Na mtu akitokea na anwani inayoishia kwa blogspot.com, wenzake wanamcheka: "Huyu naye, hata jina lake alishindwa kununua!"

Leo napinga kicheko hicho. Kwa mhitimu wa Butembo au Beni mwenye kitu cha kusema, blogu ya bure njo tovuti bora anayoweza kuipata leo. Ni bora kuliko tovuti nyingi za kulipia ninazoziona hapa kwetu, na ni bora sana kuliko ukurasa wa Facebook ambao sote tunaupenda. Lakini siisifu kama muuzaji wa sokoni. Iko na kasoro, na moja ni nzito.

Chombo kinapimwa kwa kazi, basi tuanze na kazi. Kuna blogu iliyoitwa Congo Siasa. Mwandishi wake ni Jason Stearns, Mmarekani ambaye mwaka 2008 aliongoza kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Kongo. Aliiweka kwenye Blogspot, ile ile ya bure tunayoicheka. Hakukuwa na mapambo ya kusema. Ulikuta maandishi, tarehe, halafu maandishi tena. Mwaka 2012, wakati wa M23, mtu wa nje aliyetaka kuelewa nani ni nani Kivu alikuwa anafungua ukurasa ule. Hakuna aliyeuliza kama anwani imelipiwa. Waliuliza kama habari ni ya kweli, na kama mwandishi atarudi wiki ijayo. Alirudi. Baadaye akaanzisha Kundi la Utafiti juu ya Kongo katika Chuo Kikuu cha New York, na mwaka 2016 kundi hilo likatoa ripoti yenye swali ambalo kila mama wa Beni alikuwa akijiuliza tangu Oktoba 2014: wanaotuua ni akina nani?

Naiheshimu kazi ile. Lakini naisoma na uchungu kidogo, siwezi kuficha. Iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa mbali, kwa chombo ambacho sisi pia tulikuwa nacho mkononi. Blogger ilikuwapo tangu 1999, Google ikainunua 2003. Wakati wote huo, sisi wenye kujua jina la kila kilima kati ya Oicha na Mbau, tuliandika wapi? Kwenye Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp.

Na maneno yale yako wapi sasa? Jaribu. Tafuta leo kile ambacho mwenzako aliandika wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikufa. Ilikuwa miaka ya maneno mengi mno: sauti za WhatsApp zilipita simu hadi simu, nyingine za uongo, nyingine za ushuhuda wa kweli kabisa wa wauguzi na wa familia zilizozika bila kugusa. Au chukua tarehe 30 Desemba 2018. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, lakini wakaaji wa Beni wakapanga foleni na kupiga kura yao wenyewe ya mfano, ili nchi ione. Vyombo vya kigeni viliiandika siku ile. Sisi tuliweka picha na vidole juu. Mwanafunzi anayetaka leo kuandika TFC juu ya siku ile atayanukuu mashirika ya habari ya Ulaya, wakati mjomba wake alikuwa ndani ya foleni.

Hapo njo ninaona faida ya kwanza ya blogu, na kwangu inazidi ile ya kukosa kulipa. Andiko la blogu lina anwani yake. Leo umeandika, kesho limebaki pale pale, na tarehe yake. Google inaweza kumleta msomaji wa Goma, wa Kampala au wa Brussels ambaye hakujui, hana urafiki na wewe, na hahitaji akaunti yoyote ili asome. Facebook ni kama kusema sokoni siku ya soko: wengi wanasikia, jioni wanafagia.

Sasa hizi tovuti za kulipia. Nilifanya staji katika shirika moja dogo la wakulima. Jina lake nalifunika. Walikuwa na tovuti ya kupendeza: picha zinazogeuka zenyewe, kitufe cha "Sisi ni nani", kitufe cha "Miradi yetu", na chini kabisa bendera ya Ufaransa na ya Uingereza kwa kubadilisha lugha, ingawa ukibofya ya Uingereza hakuna kilichobadilika. Mwaka wa kwanza mfadhili alilipa. Mwaka wa pili mfadhili aliondoka, na kijana aliyeijenga alikuwa amehamia Kampala pamoja na neno la siri. Ripoti, picha za mafunzo, orodha za mbegu, vyote vikaenda. Ukiandika anwani ile unakutana na tangazo kwamba jina linauzwa. Wangekuwa na blogu ya bure, ingekuwa mbaya wa sura na ingekuwa hai.

Kwa hiyo nikisema bure, simaanishi tu kwamba hujalipa leo. Namaanisha kwamba mwaka wa tatu, ukiwa huna kazi na minervali ya mdogo wako inakungoja, hakuna bili itakayozima maneno yako. Kwa mtu wa kwetu hilo si jambo dogo.

Nipite haraka kwenye mambo ya mkono, maana wengi mtajifunza kwa kujaribu. Unafungua kwa akaunti ya Gmail uliyo nayo tayari. Unaandika kwenye simu usiku, bila mtandao wala umeme, halafu asubuhi unabandika. Andiko refu kama hili, maneno matupu, halifiki hata robo ya mega moja, wakati video fupi inakula forfe yako ya siku nzima. Unaweza kupanga maandiko kwa lebo, ukatengeneza kurasa zisizobadilika kama wasifu wako wa kazi, na siku ukipata dola kama 12 au 15 za mwaka ukanunua jina lako na kulifunga juu ya blogu ile ile bila kubomoa kitu. WordPress.com nayo ina mpango wa bure, wenye sura nzuri zaidi, ila inabandika matangazo yake juu ya kazi yako. Mimi napendelea Blogger kwa sababu ya uchakavu wake: ni nyepesi, na simu ya zamani inaifungua.

Watu wa Kiswahili waliionyesha njia hii mapema kuliko tunavyofikiri. Mpiga picha Mtanzania Issa Michuzi alifungua blogu yake Helsinki mwezi Septemba 2005, akisaidiwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa lugha yetu. Nayo ilikuwa ya Blogspot. Ukitaka nihukumu kama mkosoaji, nitasema ilikuja kujaa mno: matangazo pande zote, misiba na harusi na mikutano ya mawaziri vikifuatana bila kupumua. Jicho linachoka. Lakini lugha yake! Maelezo mafupi ya picha, kwa Kiswahili cha mtaani, mzaha kidogo, msomaji anajiona ndani. Na kwa kuwa aliandika kila siku, rundo lile limekuwa kumbukumbu ya Tanzania ya miaka ile ambayo hakuna wizara iliyoipanga. Stearns aliandika marefu kwa wachache, Michuzi aliandika mafupi kwa wote. Chombo kilikuwa kile kile, na hakikumlazimisha yeyote kuandika kama mwenzake.

Na blogu zetu sisi? Nimepitia kadhaa za wahitimu wa huku. Andiko la kwanza ni "Karibuni kwenye blogu yangu". La pili ni habari iliyonakiliwa kutoka Radio Okapi bila kutaja. La tatu halipo. Huo si ubaya wa Blogger, ni kwamba tunafungua duka kabla ya kuwa na bidhaa. Wale wa Habari RDC, kundi la wanablogu vijana wa nchi hii, na wale wa Mondoblog ya RFI iliyoanza 2010, walidumu kwa sababu walikuwa na wenzao wa kuwasoma na kuwasahihisha kabla ya kutoa. Mhitimu wa Beni akiwa peke yake na simu yake anachoka. Watatu wakigawana blogu moja, kila mmoja ana andiko moja kwa mwezi. Hiyo inawezekana.

Nilisema kuna kasoro nzito. Ya kwanza kabla yake: nyumba si yako, wewe ni mpangaji asiyelipa. Vijana wa Kifaransa walikuwa na Skyblog tangu 2002. Tarehe 21 Agosti 2023 ilifungwa. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na taasisi ya INA zikaokoa kurasa zile zisipotee. Sisi hatuna maktaba itakayokimbia kutuokolea. Basi kila mwezi shusha nakala ya maandiko yako yote, Blogger inaitoa kama faili moja, na picha za asili uziweke mahali pengine. Ukurasa wa maana uuhifadhi pia kwenye Internet Archive, nayo ni bure.

Ile nzito ni usalama. Chombo cha bure kinakufanya uone kama kusema nako ni bure, na si hivyo. Tanzania mwaka 2018 ilitoa kanuni zilizomtaka mwanablogu kuwa na leseni, na gharama zake zilizidi shilingi milioni 2. Wengi wakanyamaza. Kwetu, intaneti yenyewe ilikatwa nchi nzima toka tarehe 31 Desemba 2018 hadi karibu tarehe 20 Januari, na hapo blogu na Facebook zote zilikuwa sawa: hewa. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Tuko pia na Sheria ya Dijitali ya Machi 2023. Stanis Bujakera, mwandishi mwenye jina na mawakili, alikaa gerezani Kinshasa kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Wewe wa Oicha una nani? Jina la bandia kwenye blogu halikufichi, maana akaunti imefungwa kwa namba ya simu, na simu iko na kitambulisho chako. Na huko kwetu hatari haitoki upande mmoja tu. Ukiandika kijiji fulani wakimbizi wamelala wapi, umewaambia na wasiopaswa kujua. Anwani inayodumu, ile niliyoisifu juu, inadumisha na kosa. Kwa hiyo mambo ya mauaji yanahitaji subira, mashahidi wasiotajwa, na mkubwa wa kukusomea kabla hujabofya. Sisemi msiandike. Nasema msiandike kama mnavyobandika hali ya WhatsApp.

Lakini nani alisema lazima uanze na vita? Tuko na bidhaa nyingine, imejaa vumbi. Chuo Kikuu cha Graben kipo tangu 1989, na vyuo vingine vimeota Butembo na Beni. Kila mwaka wazazi wanauza kahawa na kakao ili mtoto amalize, naye anaandika kurasa 60 za TFC au memwari: maji ya mtaa fulani, mkopo wa akina mama wa soko, kukausha kakao wakati wa mvua. Anatetea, anapigiwa makofi, kitabu kinaingia rafuni. Mkulima wa Mutwanga ambaye alihojiwa kwa kazi ile hataiona kamwe, na ilikuwa kwa Kifaransa hata hivyo.

Chukua sura moja ya TFC yako, ile yenye matokeo. Toa maneno ya kumpendeza profesa. Iandike upya kwa Kiswahili cha kwetu, kurasa mbili, na picha moja uliyopiga mwenyewe, halafu mtumie yule mkulima anwani. Ukikwama kwenye kufungua akaunti, niandikie. Jumamosi mchana niko huru, na simu yako ya kawaida inatosha.