Kuusoma Mpaka wa Kihamba

Mgogoro wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, hauanzi kusikilizwa kwa kutafuta mkosaji. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji wanapoketi pamoja na wazee wa ukoo, mwenyekiti huuliza kwanza nani hajafika. Jirani wa juu yupo? Na yule wa chini, ng'ambo ya mfereji? Akikosekana mmoja, kikao huahirishwa, hata kama watu wameacha kahawa zao bila kuchumwa.

Wakishatimia, mlalamikaji husimulia: babu alimgawia nani, mwaka gani, migomba ipi ilikuwepo. Hakatizwi. Katibu anaandika kwenye kaunta buku. Msemaji akianza matusi, mwenyekiti hamkaripii. Anamuuliza tu, "Wakati huo mfereji ulipita upande gani?" Mwenye hasira hulazimika kutulia ili akumbuke, na sauti inashuka yenyewe. Kisha anasikilizwa mwenzake, kwa muda uleule na kwa subira ileile.

Baada ya hapo wote huenda shambani, na hapo ndipo napenda kuwatazama zaidi. Mpaka wa Wachagga ni masale, mimea ya majani marefu ya kijani iliyopandwa kwa mstari. Sale ni gumu kufa. Ukilikata, shina huchipua tena. Mzee hupita polepole, akifunua majani makavu ya migomba kwa fimbo. Anainama, anashika shina, anapima unene wake kwa kiganja. Shina nene lenye makovu mengi limekaa miaka. Jembamba, lenye udongo laini miguuni, ni la juzi. Mzee hasemi hilo papo hapo. Anaendelea hadi sale la mwisho, anageuka, anaangalia mstari wote, ndipo anawaita wagomvi wote wawili waje waguse mashina hayo kwa mikono yao. Mara nyingi aliyelisogeza sale hutazama chini kabla ya kuulizwa lolote.

Shauri gumu kuliko yote ni la mjane. Mila ilirithisha kihamba kwa watoto wa kiume, na shemeji huweza kuja na madai mazishi yakiwa bado mabichi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria hiyohiyo inataka baraza liwe na wajumbe 7, watatu wao wanawake. Nafasi hizo si pambo. Mjumbe mwanamke ndiye atakayeuliza, "Shemeji, kahawa hii nani alikuwa anaipalilia?" Swali hilo huwaingiza majirani wote kwenye ushahidi, kwa kuwa kila mmoja alimwona mama yule na jembe lake.

Wagomvi wakikubaliana, aliyekosa humpelekea mwenzake jani la sale. Kwa Wachagga, anayeletewa jani hilo ameombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Mbege, pombe ya ndizi, hufuata. Lakini katibu hafungi daftari mpaka muhtasari usomwe kwa sauti na pande zote zitie saini au dole gumba.

Wasipopatana, njia haijafungwa: hakuna anayelazimishwa kukubali usuluhishi. Shauri huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa, hulithibitishia hivyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna nauli, wakili na tarehe zisizokwisha. Kwa mjane mwenye migomba michache, kikao cha kijijini ndicho anachoweza kukifikia kwa miguu.

Ndugu mnaorudi Kilimanjaro kila Desemba, tengeni asubuhi moja mtembee mipakani na wazee wangali hai. Palipokufa sale pandeni jingine, majirani wote wakiona, na muandike.