Fundi wa Kukunja Majani

Mvua za vuli zikishachanganya kule Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako mto Ruvubu humwaga maji yake katika mto Kagera kabla ya maporomoko ya Rusumo, mabonde hujaa na matete huchipua upya. Usiku vyura huita kila upande. Katika makelele yale mna mkwaruzo mmoja mkavu, mfupi, ambao wengi hudhani ni wa mdudu. Sauti ya namna hiyo ndiyo ya vyura wakunja majani, jenasi ya Afrixalus, walioenea ukanda wa Maziwa Makuu, kingoni mwa misitu na kwenye madimbwi ya nyikani. Ni wadogo, wengi hawafiki urefu wa kidole gumba, na mboni za macho yao zimesimama wima.

Anayeita ni dume, kang'ang'ania jani juu ya maji. Jike akija, dume humpanda mgongoni, na kazi ikaanza. Jike anataga juu ya jani. Papo hapo kingo mbili za jani zinavutwa kwa miguu ya nyuma mpaka zikutane, na ute unaotoka na mayai unazigandisha. Mwanamke wa Mkoa wa Kagera anayefunga chakula katika jani la mgomba ana mikono miwili na kamba. Vyura hawa wanafanya gizani, kwa nyuma, bila kutazama, na mayai hayapondeki.

Wako wanaokunja majani yaliyozama kidogo. Mimi nawastaajabia zaidi wanaokunja yale ya juu, kwa sababu pale hesabu ni ngumu. Jani liwe laini kiasi cha kukunjika, tena gumu kiasi cha kubeba mzigo, na chini yake pawe na maji ambayo hayatakauka mapema. Ndani ya mkunjo mayai yanakingwa na jua, na samaki hawayafikii. Gundi inashika siku zote mayai yanapokua. Viluwiluwi wakianguliwa inalegea, nao wanateleza na kudondoka majini. Gundi isiyoachia ingekuwa kaburi lao.

Upande wa Biharamulo, wilaya jirani na Ngara, sehemu ya nyika imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Nje ya hifadhi, bonde likifyekwa hadi ukingoni, maji yanaweza kubaki na fundi akakosa pa kutagia. Mkulima wa mpunga anayeacha matete kando ya mfereji wake anamwachia majani ya kukunja.