Mishale Miwili ya Jenereta

Miongoni mwa mashine ambazo serikali ya Marekani huzipiga mnada zikishastaafishwa jeshini, jenereta ya dizeli ya kilowati 10 ijulikanayo kwa alama ya MEP-803A imejipatia wapenzi wengi uraiani, kwa kuwa nguvu yake inatosha mahitaji ya lazima ya nyumba ya kawaida, na umbo lake, ingawa lina uzito unaozidi nusu tani, hupakiwa kwenye trela na kupelekwa hadi uani. Jeshi liliihitaji kwa kambi na vituo vya mawasiliano. Raia wa majimbo yapigwayo na vimbunga, na wale wa sehemu ambako barafu hukata nyaya wakati wa baridi, huihitaji ili friji, pampu ya kisima na mtambo wa kupasha nyumba joto visizimike pamoja na umeme wa gridi. Anayeinunua hupata mashine iliyosanifiwa itengenezwe na askari kijana, mbali na karakana, mwenye sanduku la spana na kitabu cha maelekezo, na ndiyo maana nyaya zake zimepigwa chapa ya namba, na namba hizohizo zikaandikwa kwenye mchoro wa saketi, hata mmiliki mvumilivu akaweza kuufuata waya mmoja kwa kidole tangu kwenye swichi hadi unakoishia.

Kiswahili husema kwamba umeme hufuliwa, kwa kitenzi kilekile cha mhunzi afuaye chuma, na neno hilo linaifaa mashine hii kuliko nyingi nyingine, kwani ndani yake kazi ya nguvu na kazi ya umeme zimeungana kwenye mhimili mmoja. Injini yake ni LPW4 ya Lister-Petter, kampuni ya Uingereza, yenye silinda nne na kupozwa kwa maji, nayo huzunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani nusu ya mwendo wa jenereta nyingi ndogo za petroli zinazouzwa Marekani. Kwa kuwa sehemu izungukayo ya kifua umeme, yaani upande wa mashine unaofua umeme, sehemu iitwayo rota, ina ncha nne za sumaku, mwendo huo ndio utoao hezi 60, ambayo ni idadi ya mara ambazo mkondo hukamilisha mzunguko wake wa kwenda na kurudi katika sekunde moja. Hapo ndipo ulipo msingi wa ufundi unaostahili kusifiwa, kwa sababu mshale wa hezi kwenye paneli husema habari za injini, na mshale wa volti husema habari za kifua umeme, na fundi aliyezoea kuisoma miwili hiyo kwa pamoja hujua upande wa kuelekea kabla hajagusa spana. Mashine ikielemewa na mzigo huku hezi zikishuka, huanza kuchunguza chujio la dizeli. Hezi zikisimama imara kwenye 60 na volti zikalala kwenye sifuri, huiacha injini ipumzike na lawama.

Hitilafu hiyo ya pili huwatisha wengi wasioizoea, nayo mara nyingi chanzo chake ni chepesi. Rota huhitaji usumaku kidogo ili ianze kuamsha umeme katika koili zinazoizunguka, na usumaku uliobaki ndani ya chuma huweza kufifia mashine ikikaa ghalani kwa miaka, hivyo wabunifu waliweka njia ya kuuamsha kwa mkondo mfupi wa betri wakati wa kuwasha. Anayeiachia swichi ya kuwasha mara tu injini inaponguruma huukatisha mkondo huo kabla usumaku haujaamka. Anayeishikilia mpaka shinikizo la oili lipande na mshale wa volti uinuke, huona taa zikiwaka. Ni tofauti ya sekunde chache za mkono, na wapo waliokwisha kufungua kifua umeme kizima kwa kutoijua.

Injini inapokataa kuwaka, sikio hutangulia jicho. Swichi kuu ikiwekwa kwenye nafasi ya kuvuta mafuta, pampu ndogo za umeme hutakiwa kusikika zikigonga kwa haraka, na ukimya wao humpeleka fundi kwenye betri na nyaya. Zikigonga huku stata ikizungusha injini bila moshi wowote kutoka kwenye ekzosi, dizeli haifiki kwenye silinda, pengine kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Na moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui. Betri zenyewe ni mbili za volti 12 zilizofuatana ili zitoe volti 24, na anayechomeka kifaa chake kwenye moja tu huzivuruga zote, moja ikipungua na nyingine ikijazwa kupita kiasi.

Adui wa polepole zaidi ni mzigo mdogo. Jenereta ya kilowati 10 inayowasha taa chache usiku kucha haipati joto la kuunguza mafuta yote, na mabaki yake hukusanyika kwenye ekzosi kama uji mweusi unaonata. Dawa yake ni kuipa kazi, na wamiliki wengi hujitengenezea mzigo kwa koili za kupashia maji zilizozamishwa katika pipa.

Paneli ina pia swichi ya vita, ambayo huzifuta kinga nyingi za injini, kwa kuwa kuna saa ambapo jeshi huona heri injini iungue kuliko taa kuzimika. Nyumbani haina sababu ya kuguswa. Lililo la lazima ni swichi ya kuhamisha, inayoitenga nyumba na gridi kabisa, kwa maana volti 240 zinazorudi kwenye transfoma ya mtaani huweza kupandishwa hadi volti 7,200 na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini imekufa.

Gridi inaporudi, mmiliki mwangalifu huondoa mzigo, huiacha injini izunguke bure dakika tano ili ipoe kwa utaratibu, kisha huizima na kuandika kwenye daftari saa zilizosomeka kwenye mita.