Petit Pays: Ungamo katika Riwaya, Maombolezo katika Filamu

Riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays, yaani "Nchi Ndogo", ilitolewa kwa Kifaransa mwaka 2016. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya Goncourt itolewayo na wanafunzi wa sekondari nchini Ufaransa. Filamu yake, iliyoongozwa na Éric Barbier, ilifuata mwaka 2020. Zote mbili zinamhusu Gabriel, mtoto wa miaka kumi hivi, anayekulia Bujumbura akiwa na baba Mfaransa na mama Mnyarwanda aliyeikimbia nchi yake. Je, zina neno gani kwa watumishi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zinazotengwa na Rwanda kwa Mto Kagera tu?

Mwanzoni tunaoneshwa bustani: kichochoro kimoja, marafiki, na maembe ya kuiba. Kisha Rais Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, anauawa Oktoba mwaka huo. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda. Vita inaingia hadi kichochoroni, na marafiki wanamtaka Gabriel achague upande. Hatimaye analazimishwa kurusha kiberiti cha gesi kilichowashwa kwenye gari lililomwagiwa petroli, ndani yake mkiwa na mtu.

Nguvu ya riwaya ni kwamba msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka. Ni kweli mtoto alilazimishwa. Hata hivyo mwandishi hatuachii nafasi ya kusema kwamba mkono ule haukuwa wake. Gabriel ni mwathirika, naye ametenda. Wanafunzi wa Luther, wanaofundishwa kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, wasishangazwe na jambo hili.

Filamu inalegea hapo. Kamera humwona mtoto kwa nje, nasi twamhurumia kuliko tunavyomsikia akijihoji. Lakini inatupatia kitu kingine: uso wa Isabelle Kabano katika nafasi ya Yvonne, mama aliyekwenda Rwanda akakuta watoto wa jamaa zake wamekufa. Anaporudi, akili yake haipo tena. Huyu ni Raheli wa Yeremia 31, wala filamu haiharakishi kumfariji.

Suala hili si geni kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na Karagwe nayo ikapokea wakimbizi wengi. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia kwa hofu, na waliokwisha kuua. Aliyegawa uji hakuweza kujua ni mkono upi uliokuwa umeshika panga. Na watoto wa rika la Gabriel walikuwa wengi.

Mahubiri yanayorukia msamaha bila ungamo wala maombolezo ndiyo ile neema rahisi aliyoionya Bonhoeffer. Kwa sababu hiyo, ikibidi kuchagua, mwalimu wa kipaimara na aanze na riwaya, kwa kuwa vijana wake wamefikia umri wa kuulizwa walichokitenda wao wenyewe. Filamu na ije baadaye, mbele ya wazee na vijana pamoja, na baada yake pawepo kimya cha kutosha kabla ya mtu yeyote kusimama kuomba.