C Mahali pa G: Jinsi Siri ya Maziwa Ilivyosomwa

Asubuhi pale Mandewa, mjini Singida, muuza maziwa akipita na madumu yake kwenye baiskeli, mtu mmoja hunywa kikombe kizima akaenda zake kazini. Jirani yake akinywa kiasi hicho hicho, tumbo humuunguruma hadi adhuhuri. Tofauti yao huenda ni herufi moja kati ya takriban bilioni 3.

Herufi hizo ni besi za nitrojeni. DNA ina nne: adenini (A) hushikana na thaimini (T), guanini (G) na sitosini (C). Katika RNA, nakala inayopeleka agizo la kutengeneza protini, urasili hukaa mahali pa thaimini. Agizo la laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi, hufifia kwa watu wengi duniani wakishaachishwa ziwa.

Mwaka 2002 watafiti wa Finland walikuta kwamba Wazungu wanaoendelea kumeng'enya maziwa ukubwani wana T mahali pa C, besi 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi. Wafugaji wa kwetu wengi hawana herufi hiyo, na maziwa wanakunywa.

Wakitafuta sababu, mtafiti wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, hawakuanza na herufi. Walianza na mwili, na hapo ndipo ninapouona ustadi wa kazi nzima. Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, kutoka makabila 43, walipimwa sukari ya damu, wakanywa gramu 50 za laktosi, sawa na karibu lita moja ya maziwa, kisha wakapimwa tena na tena kwa saa moja. Laktosi ikivunjwa, glukosi hupanda kwenye damu. Ikipanda zaidi ya milimoli 1.7 kwa lita, kimeng'enya kingali kinafanya kazi. Lau wangeitafuta T ya Wazungu peke yake, wangeandika kwamba Mmasai hawezi maziwa!

Ndipo wakasoma DNA. Majibu, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha herufi tatu mpya. Iliyoenea zaidi Tanzania na Kenya ni C mahali pa G, besi 14,010 kabla ya jeni ya laktasi, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Herufi hiyo haibadilishi umbo la kimeng'enya hata kidogo. Inagusa swichi inayoiwasha jeni ya laktasi. Vipande vya DNA vyenye C vilipotiwa kwenye seli za utumbo zilizooteshwa maabara, agizo lilinakiliwa kwa wingi zaidi kuliko vyenye G.

Wamebaki Wahadza, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, humu humu mkoani Singida. Hawafugi, lakini karibu nusu ya waliopimwa waliivunja laktosi vizuri, na herufi hizo tatu hazitoshi kueleza kwa nini.