Huria na Bure katika Lugha ya Kompyuta

Neno la Kiingereza ambalo Richard Stallman alizipa programu za mradi wa GNU, aliouanzisha mwaka 1983, lina maana mbili: kisicho na bei na kisichofungwa. Imempasa kueleza mara nyingi kwamba alikusudia hiyo ya pili. Kiswahili hakina taabu hiyo, maana huru ni mbali na bure. Na waliochagua kusema 'programu huria' walichagua vyema. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ya jamii hiyo.

Hata hivyo jina hili limefaulu mno. Hutaja ruhusa ya kuisoma programu, kuibadili na kuigawa, likanyamaza kuhusu kazi yenyewe, ambayo aghalabu hufanywa bila ujira, usiku au siku za mapumziko. Bure iliyokataliwa katika jina imo katika kazi. Uchunguzi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kutolewa mwaka 2006 uliona kwamba wanawake walikuwa yapata 1.5 kwa mia kati ya waundaji wa programu huria, ilhali katika programu za makampuni walifika 28 kwa mia. Ukali wa majibizano ulitajwa kuwa sababu mojawapo, na ni kweli. Lakini ufundi ni ule ule, na penye mshahara na saa maalumu wanawake wapo. Mwaka huo huo mradi wa GNOME ulipata maombi 181 ya kazi za likizo, hata moja halikutoka kwa mwanamke. Ndipo ukatenga nafasi za malipo kwa wanawake, na waombaji wakapatikana.

Sarufi yetu nayo husitiri. 'Mchangiaji' hasemi kuwa mume wala mke: sifa njema ya lugha, ila asiyekuwapo haonekani.

Katika Ugogo wanawake ndio wapigao ngoma za muheme, chombo ambacho kwingineko hushikwa na wanaume, wala hakuna anayestaajabia mikono yao. Basi si suala la mikono. Nchi ni kavu, kiangazi ni kirefu, na maji na kuni vimekuwa juu ya mwanamke. Msichana asomaye kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, akirudi likizo Bahi au Kongwa huenda akakuta ndoo yamngoja, na kaka yake ameketi. Akiambiwa kwamba mchango katika programu huria ni wa hiari, atauliza hiari hiyo aitimize saa ngapi.