Al-Inkishafi na Manabii wa Maangamizi

Imekuwa desturi katika madarasa yetu ya fasihi kuifundisha Al-Inkishafi kama kilio cha mji ulioanguka. Mwanafunzi huambiwa kwamba Pate ilikuwa imestaarabika, kisha ikaharibika. Akiulizwa mafunzo ya utungo, hujibu kwamba watu wa leo wameacha mila za wazee, viongozi wamepotoka, na mwisho wa dunia u karibu. Jibu hilo hupewa alama nzuri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitokani na utungo wenyewe, bali linatokana na namna fulani ya kuitazama historia ambayo mshairi wetu hakuwa nayo, na ambayo tuna sababu ya kuihofu.

Mtunzi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wenye asili ya Inat katika Hadhramaut. Aliishi katika karne ya 18 na, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyokisia, akaufikia mwanzo wa karne ya 19. Katika muda huo dola ya Pate ilikuwa ikizorota. Wanabahani waligombania kiti cha enzi, vita na Lamu havikukoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1810 jeshi la Pate pamoja na washirika wake Wamazrui wa Mombasa lilivunjwa huko Shela. Lamu nayo ikatafuta hifadhi kwa Seyyid Said wa Oman, na mizani ya nguvu katika pwani nzima ikageuka. Ikiwa utungo ulitungwa kabla au baada ya Shela ni suala ambalo halijaamuliwa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mtu akiusoma tangu mwanzo hadi mwisho, hatavikuta vita hivyo. Mlamu halaumiwi. Mwomani halaumiwi. Hapana kijana anayekemewa kwa kuvaa vibaya au kusema vibaya.

Anayelaumiwa ni nani, basi? Ni moyo wa mshairi. Tangu hapo anapomaliza dibaji ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mshairi anaushika moyo wake na kuuhoji kama hakimu amhojivyo mshitakiwa: kwa nini huerevuki, kwa nini wafanya biashara ya hasara, kwa nini wakimbilia mangati ukidhani ni maji? Wafasiri wawili wa Kiingereza, Hichens katika chapa yake ya 1939 na Allen katika chapa ya Nairobi ya 1977, waliliona jambo hili vema, kwani kila mmoja ameitaja roho ya binadamu katika kichwa kidogo cha kitabu chake. Sisi wenye lugha ndio tuliouhamisha utungo kutoka moyoni na kuupeleka barazani.

Naam, sehemu ya majumba ya Pate ndiyo iliyouletea utungo sifa, na ni haki yake. Taa za vioo na shaba, vitanda vya miti ya thamani, zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure, vyote vinapita mbele ya macho yetu. Kisha mara twaona popo wananing'inia darini, ndege wamezaa katika zidaka zile zile, na buibui ametandika pale palipotandikwa mapazia. Ni rahisi kuzisoma beti hizi kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa urithi. Lakini tuangalie mpango wake. Kabla ya magofu, mshairi ametuonyesha matajiri wakitembea kwa maringo, wamezipinda shingo, wakilindwa mbele na nyuma. Fahari haikuelezwa ili tuitamani. Imeelezwa ili tuone ilikuwa kitu gani tangu siku ilipong'aa. Gofu halikuja kuiharibu nyumba. Limekuja kuifunua. Hata katika orodha ya marehemu mshairi anaitaja jamaa yake mwenyewe, Ali bin Nasir akiwamo, wala hawawekei udhuru.

Neno lenyewe la anwani lina maana ya kufunuka. Ni sadfa ya ajabu kwamba neno la Kiyunani ambalo Wazungu wamelifanya jina la maangamizi ya siku za mwisho nalo, kwa asili, lina maana ya kufunuliwa, ndiyo maana kitabu cha mwisho cha Biblia tunakiita Ufunuo. Katika matumizi ya kisiasa ya karne ya 20, hata hivyo, ufunuo huo uligeuzwa kuwa kitisho. Mfano mkubwa ni Oswald Spengler, Mjerumani aliyetoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya kuanguka kwa nchi za Magharibi mwaka 1918, na ya pili mwaka 1922. Kwake yeye utamaduni huzaliwa, hukua na kufa kama mmea, na aliorodhesha tamaduni kuu nane. Afrika kusini mwa Sahara haimo hata katika orodha ya wanaostahili kufa. Kufikia 1933, katika kitabu kingine, alikuwa ameyageuza mataifa yasiyo ya Kizungu kuwa hatari inayoukabili ulimwengu wa weupe. Hivyo ndivyo mantiki ya aina hii inavyokwenda. Aanzaye kwa kulia juu ya utukufu uliopotea hawezi kukaa muda mrefu bila kumtafuta aliyeupoteza, na mara nyingi humpata kwa jirani, kwa mgeni, au kwa maskini.

Sayyid Abdallah alikuwa na vifaa vyote vya kumfanya Spengler wa Pate: nasaba, elimu, mji uliobomoka, na adui aliye karibu. Hakuvitumia hivyo. Siku ya mwisho katika utungo wake si siku ya kurudishiwa mabwana majumba yao. Ni siku ambayo aliyedhulumiwa atasimama amshitaki aliyemdhulumu, naye Mola atahukumu baina yao, na malipo hayatakuwa ya fedha wala dhahabu bali ya matendo mema. Ukizilinganisha beti hizo na beti za majumba utaona kwamba dhahabu ile ile iliyopamba kumbi ndiyo isiyopokelewa mahakamani. Walimu wengi huziruka sehemu hizi kwa kuwa ni za dini, wakaharakia popo na buibui; kwa kufanya hivyo wanauacha ushahidi mkubwa kuliko wote.

Kwa upande mwingine hatutaki kumfanya mtunzi mwanamapinduzi. Haki anayoiahidi haianzi hapa duniani. Utajiri wa Pate hakuutafutia chimbuko. Umekuwapo tu, kisha haupo. Dawa anayoitoa ni ya mtu mmoja mmoja, na mtawala dhalimu aliye hai angeweza kuusikiliza utungo huu jioni, akalia kwa uchungu, na asubuhi akaendelea na kazi yake.

Neno moja kwa wale wanaoushika utungo huu kama silaha ya kuhifadhi kanuni za ushairi. Tangu mabishano yaliyozuka baada ya Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, tumesikia mara nyingi kwamba kuvunja vina na mizani ni dalili ya jamii inayooza, na Al-Inkishafi imeitwa kuwa shahidi. Shahidi huyu hawafai. Mishororo yake ni ya mizani kumi na moja, iliyokatwa baada ya silabi ya sita; si utenzi wa mizani nane wala si shairi la kumi na sita. Mtu angeupima kwa vipimo vinavyotetewa leo kama ndivyo mapokeo yenyewe, angelazimika kuuweka nje ya mlango.

Linabaki jambo linalohitaji uchunguzi zaidi. Katika beti za raha za matajiri wa Pate wamo watumishi: wako wanaowakanda mabwana wapate usingizi, wako wapepezi, na wako wanawake wanaotumbuiza. Wanatajwa kama sehemu ya starehe ya nyumba, kando ya taa na vitanda. Mshairi anapoanza kuuliza wako wapi waliokuwapo, ulizo lake linawaendea mabwana, mawaziri, makadhi na wenye majina. Nyumba ilipokuwa gofu, wapepezi wale walikwenda wapi? Habari za Pate, zilizopangwa kwa kufuata masultani mmoja baada ya mwingine, hazitusaidii.